Tuzitafuteje Njia Nzuri za Milimani?

Hotuba kwa wanachama wa klabu ya wapanda milima, Morogoro

Mheshimiwa mwenyekiti, viongozi wa klabu, walimu, wazazi mliofika, na ninyi vijana mlioacha mapumziko ya Jumamosi ili mje kusikiliza habari za milima, nawashukuru kwa heshima mliyonipa. Katibu wenu aliponialika aliniandikia swali moja tu: mtu anayetaka kutembea milimani kwa siku moja, au kulala huko siku kadhaa akiwa na shanta mgongoni, anaipataje njia nzuri? Swali hili limenifurahisha, kwa sababu wengi huniuliza kilele kipi ni kirefu zaidi au kipi kina sifa kubwa, kisha hukubali njia yoyote itakayowafikisha huko. Ninataka kuwashawishi leo tuugeuze mpangilio huo. Tuitafute njia kwanza, tuijue, tuipime kwa uwezo wetu na kwa majira ya mwaka, na kilele tukihesabu kuwa ni mahali pamoja kati ya mengi ambayo njia hiyo inapita.

Tuanzie hapa tulipo. Mji wa Morogoro uko kwenye mwinuko wa takriban meta 500 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Lupanga, kilicho juu ya mji huu, kina meta 2,138. Anayeondoka mjini kwa miguu alfajiri na kukifikia kilele hicho hupanda zaidi ya meta 1,500, kisha huzishuka zote siku hiyo hiyo. Linganisheni na siku ya kwanza ya njia ya Marangu katika Kilimanjaro: mgeni huanzia langoni, kwenye meta kama 1,900, na hulala katika kituo cha Mandara chenye meta 2,720, yaani hupanda chini ya meta 900 na kazi ya siku ikaishia hapo. Kwa hiyo miguu na magoti hufanya kazi kubwa zaidi katika siku moja ya Lupanga kuliko katika siku ya kwanza ya Kilimanjaro, ijapokuwa Lupanga haifikii hata nusu ya urefu wa Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro. Nimeutaja mfano huu mapema kwa sababu nimewaona vijana wenye nguvu wakiidharau milima ya nyumbani kwa kuwa ni mifupi, na giza likawakuta msituni.

Ipo kanuni ya zamani ya kukadiria muda ambayo Mskoti William Naismith aliitoa mwaka 1892, na mpaka leo sijaona nyingine iliyo rahisi kuishika kichwani. Inasema hivi: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila meta 600 za kupanda. Njia ya kilomita 10 yenye mwinuko wa meta 900 itadai saa mbili za mwendo na saa moja na nusu za kupanda, jumla saa tatu na nusu, bila kuhesabu mapumziko. Naismith alikuwa akiwafikiria watembeaji wazoefu katika vilima vya Uskoti, ambako hewa ni baridi na njia nyingi ziko wazi. Sisi tunaotembea katika joto, kwenye mizizi yenye utelezi, tukiwa na mzigo wa hema na chakula, tuongeze nusu ya muda huo, na kwa kundi lenye wanaoanza tuuzidishe mara mbili. Mkiitumia kanuni hiyo kwa Lupanga, mtaona kwamba mwinuko peke yake unachukua zaidi ya saa mbili na nusu kabla hatujahesabu hata kilomita moja ya mwendo. Huku kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, na machweo hayadumu. Kwa hiyo kila kundi lipange, kabla ya kuondoka, saa ya kugeuka, na saa hiyo ikifika kundi ligeuke hata kama kilele kinaonekana.

Ili kujua mwinuko huo ni lazima kusoma ramani, na ninasikitika kwamba wengi wetu tulifundishwa kontua shuleni kwa ajili ya mtihani wa Jiografia tu. Katika ramani za serikali za kipimo cha 1:50,000, sentimita mbili za karatasi ni kilomita moja ya ardhi, na kila mstari wa kontua unaunganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Mistari inapobanana, mteremko ni mkali; inapoachana, ardhi imetulia, na hapo ndipo panapoweza kupatikana pa kupiga hema. Njia inayoikata mistari hiyo moja kwa moja kwenda juu itawachosha wapandaji, na mvua ikinyesha itageuka mfereji wa maji. Inayoipanda kwa mshazari, ikigeuka kulia na kushoto, huwa ndefu zaidi lakini hudumu miaka mingi, kwa sababu maji huvuka upande wa pili badala ya kuifuata na kuichimba. Mkiona kwenye ramani njia mbili za namna hizo zinazokwenda mahali pamoja, chagueni ile ya mshazari hata kama ina kilomita mbili zaidi.

Ramani, hata hivyo, haimwelezi msomaji njia ilitengenezwa kwa kazi gani, na jambo hili naliona kuwa kubwa kuliko yote nitakayoyasema leo. Njia nyingi za milima yetu hazikutengenezwa kwa ajili ya matembezi. Zipo zinazounganisha kijiji na kijiji, kijiji na soko, nyumba na shamba. Zipo zilizokatwa na watu wa misitu ili kuonyesha mpaka wa hifadhi, ambazo hupita juu ya kila kilima bila kujali mteremko, kwa sababu aliyeuchora mpaka hakuwa na nia ya kutembea juu yake kila siku. Zipo barabara za kuhudumia minara ya mawasiliano, kama ile iendayo kilele cha Bondwa hapa Uluguru. Zipo njia za nyati na tembo, ambazo huanza zikiwa pana na za kuvutia, kisha hugawanyika na kuishia kwenye kichaka au kwenye tope la kujigaragaza. Na katika miteremko ya Kilimanjaro ipo mifongo, mifereji ya maji waliyoichimba Wachaga tangu zamani, ambayo kando yake huwa na kijia tambarare kizuri mno kwa kutembea. Lakini kijia hicho huishia pale maji yanapochukuliwa mtoni, mara nyingi ndani ya korongo lisilo na pa kutokea.

Kati ya hizo zote, zinazoaminika zaidi kwa anayeanza ni zile zinazopitwa kila wiki na watu wenye mizigo. Mama anayeteremsha ndizi au mboga kutoka vijiji vya Uluguru kwenda sokoni akiwa amezibeba kichwani anajua ni jabali gani linateleza na ni kijito gani hakivukiki baada ya mvua, na njia anayoitumia huwa na gogo lililotupwa juu ya maji na mahali pa kutua mzigo. Inapoachwa kwa msimu mmoja, miiba hurudi na gogo huoza. Ndiyo maana habari ya njia iliyoandikwa miaka mitano iliyopita haina budi kuthibitishwa kwa aliyepita huko mwezi huu.

Kuthibitisha ni kuuliza, na kuuliza kuna ufundi wake. Ukimwuliza mwenyeji kama ni mbali, atakujibu kwamba si mbali, kwa wema, ili asikukatishe tamaa, na kwa miguu yake ni kweli. Afadhali umwulize: mtu akitoka hapa baada ya sala ya alfajiri akiwa na mzigo, hufika huko saa ngapi? Je, hurudi siku hiyo hiyo au hulala? Maji ya mwisho ya kunywa yako wapi? Mara ya mwisho wewe mwenyewe ulipita lini? Kisha mwulize mtu mwingine, mbali na wa kwanza, na majibu yakitofautiana tafuta wa tatu. Kabla ya yote, pita ofisi ya kijiji ujitambulishe kwa mwenyekiti au mtendaji. Heshima hiyo ina faida zake: atajulikana nani wa kukusindikiza, yataonyeshwa maeneo ya matambiko ambayo wazee hawataki yapitwe na wageni, na usiporudi jioni kutakuwa na mtu anayejua ulielekea wapi.

Najua mnatumia simu, na sina nia ya kuwazuia. Ramani za kwenye simu, hasa za OpenStreetMap ambazo mtu yeyote anaweza kuzichangia, zimetusaidia sana, kwa kuwa zinaonyesha vijia ambavyo havikuwamo katika ramani za serikali. Ila mkumbuke kwamba mstari uliochorwa humo huenda ulichorwa na mtu aliyekaa mbali akitazama picha ya setilaiti, na kutoka angani mfongo, mpaka wa shamba na njia ya ng'ombe hufanana. Mstari uliorekodiwa na mtu aliyetembea, wenye tarehe na muda aliotumia, una uzito zaidi. Pakueni ramani kabla ya kuondoka mjini, kwa sababu mabondeni mtandao hupotea, na mbebe nakala ya karatasi ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Sasa niseme juu ya milima mirefu, ambako ubora wa njia hupimwa kwa namna nyingine. Kuanzia meta 2,500 hivi, miili ya baadhi ya watu huanza kulalamika. Sehemu ya oksijeni katika hewa ni ile ile asilimia 21 iliyoko Dar es Salaam. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa, kiasi kwamba pale Uhuru, ncha ya juu kabisa ya Kibo kwenye meta 5,895, kila pumzi inaleta takriban nusu ya oksijeni tunayoipata pwani. Mwili hujizoeza ukipewa siku, na ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba, ukishapita meta 3,000, usilale kila usiku juu zaidi ya ulipolala jana kwa zaidi ya meta 500 hivi, na upumzike siku moja baada ya kila siku tatu au nne. Mlimani, basi, njia nzuri ni ile inayoupa mwili nafasi hiyo.

Tazameni Kilimanjaro kwa jicho hilo. Marangu ina nyumba za kulala katika Mandara, Horombo na Kibo, mteremko wake ni wa taratibu, na kwa sababu hiyo wengi huiona rahisi na kuitembea kwa siku tano. Lakini kutoka Horombo, meta 3,720, hadi kituo cha Kibo, kama meta 4,700, mtu hupanda karibu meta 1,000 kwa siku moja, kisha usiku huo huo anaamshwa kuelekea kileleni. Anayeweza kulala Horombo usiku wa pili huwa amefanya jambo la busara kuliko kununua koti la bei ghali. Lemosho huanzia magharibi, huchukua siku saba au nane, na pamoja na njia ya Machame hupita kwenye mnara wa miamba ya volkano kwenye meta 4,600 hivi kabla ya kushuka kulala Barranco, chini ya meta 4,000. Mwili umeonja urefu na kurudishwa chini kupumzika. Umbwe ni fupi na kali mno, na sioni sababu ya anayeanza kupelekwa huko. Rongai, inayopanda kutoka kaskazini karibu na mpaka wa Kenya, hupata mvua kidogo kuliko njia za kusini na hubaki na utulivu wake. Mimi binafsi, mwenye uwezo wa kulipia siku saba humshauri Lemosho, na mwenye siku sita humshauri Marangu yenye usiku wa ziada, bila kujali ni ipi inayosifiwa zaidi.

Meru, wenye meta 4,562, una njia moja tu ya kawaida kutoka Momella, na hutembewa mkiwa na askari mwenye silaha kwa sababu ya nyati na tembo. Ni mlima ninaoupenda kuliko yote nchini kwa uzuri wa njia, hasa ule ukingo mwembamba unaozunguka kreta huku koni ya majivu ikionekana chini. Hata hivyo, kutoka Miriakamba hadi kituo cha Saddle ni zaidi ya meta 1,000 kwa siku moja, kwa hiyo asiyezoea apange siku nne badala ya tatu. Kwa upande wa Kenya, kuupanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon na kuushuka kwa njia ya Chogoria ni safari ambayo ningependa kila mmoja wenu aifanye mara moja maishani, kwa kuwa mlima unauona pande mbili zisizofanana, na kilele cha Lenana, meta 4,985, hufikiwa bila kamba. Vilele vyake virefu zaidi, Batian na Nelion, ni vya wakwea miamba waliofunzwa. Na kuhusu Ol Doinyo Lengai, nawaomba msianzie huko: mlima ni mkali, hauna maji, hupandwa usiku ili kukwepa joto, na ni volkano hai iliyolipuka mwaka 2007 na kuendelea hadi 2008.

Majira nayo huigeuza njia. Masika ya Machi hadi Mei hufanya udongo mwekundu wa milima ya mashariki uteleze kama sabuni, na vuli ya Novemba na Desemba hufanya hivyo kwa kiasi. Miezi ya Juni hadi Septemba, na tena Januari na Februari, ndiyo bora. Ila msisahau upande. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huumwaga unyevu wake kwenye miteremko ya mashariki ya Uluguru, na upande wa magharibi hupata sehemu ndogo ya mvua hiyo. Kwa hiyo mwezi ule ule njia moja huwa kavu na nyingine matope. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila meta 1,000, na mtu aliyelowa kwenye upepo wa meta 2,000 anaweza kupatwa na baridi ya hatari hata katika nchi yetu hii. Tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe yalishuka kutoka mlima Hanang baada ya mvua kubwa na kuua watu wengi katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Ninaitaja siku hiyo kwa heshima ya marehemu, na kwa sababu inatufundisha tusipige hema katika mkondo mkavu chini ya mteremko mkali, hata kama pamenyooka na pana mchanga laini.

Kuhusu vibali nitasema machache. Hifadhi za taifa ziko chini ya TANAPA, misitu ya hifadhi ya mazingira asilia kama Uluguru, Magamba na Amani iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na ardhi ya vijiji ina wenyewe. Raia wa Afrika Mashariki hulipa viingilio vya chini kuliko wageni, kwa hiyo hoja kwamba milima ni ya Wazungu haina msingi tena. Msiingie msituni kwa kujipenyeza. Katika misitu ya Usambara humea kwenye majabali yenye kivuli, kando ya vijito, ua dogo la zambarau ambalo leo hupandwa vyunguni duniani kote na ambalo asili yake ni milima hii ya mashariki. Mahali linapoota ndipo hasa watu hukata njia za mkato kufuata maji, na nyayo za kundi moja zinatosha kuling'oa.

Mwenyekiti ameniomba nipendekeze safari ya kwanza ya klabu, na pendekezo langu ni kutoka Lushoto hadi Mtae, katika Usambara Magharibi, kwa siku nne. Mnapanda basi hadi Mombo na kupitia Soni, mnalala Lushoto kwenye mwinuko wa meta 1,400 hivi, kisha mnapita msitu wa Magamba, mnatokea Lukozi kwenye soko la mboga, mnaendelea hadi Rangwi na kumalizia Mtae, kijiji kilichokaa juu ya ukingo wa mlima, ambako chini yake nyika ya Mkomazi imetandazwa na siku ya anga safi milima ya Upare huonekana. Sababu za kuichagua ni zile nilizokwisha kuzieleza. Njia ni za wenyeji na zinatumika kila siku. Hakuna mahali penye urefu wa kudhuru. Kila siku mnamalizia penye watu, kwa hiyo hakuna haja ya kubeba maji ya siku mbili, na lita moja ya maji ni kilo nzima mgongoni. Atakayeumia kifundo cha mguu atapata gari, na kutoka Mtae yapo mabasi ya kurudi Lushoto, ambayo huondoka mapema sana, hivyo ulizeni saa jioni mnapofika. Chukueni mwongozaji mzaliwa wa huko na mlipeni vizuri. Mizigo iwe midogo: robo ya uzito wa mwili wa mbebaji nadhani ni kikomo, na kwa msichana au mvulana mwembamba iwe pungufu ya hapo.

Nina ombi moja kabla sijakaa. Njia za Uluguru, ambazo mko karibu nazo kuliko klabu nyingine yoyote nchini, hazijaandikwa ipasavyo kwa Kiswahili. Kila kundi litakalotoka liandike mahali lilipoanzia na saa lilipoondoka, vijito vilivyokuwa na maji na vilivyokauka, sehemu zilizobomoka, jina la kijiji na cheo cha aliyewapokea, saa ya kufika na saa ya kurudi, pamoja na mwezi. Katibu aziweke katika daftari moja lililo wazi kwa kila mwanachama, na nakala ipelekwe ofisi ya misitu na ofisi za vijiji husika. Mimi niko tayari kutembea nanyi njia ya Morningside mwezi wa Juni mvua zikikatika, ili tuandike ukurasa wa kwanza pamoja. Asanteni kwa kunisikiliza.